Valvu ya Tano

Saa saba na dakika nne usiku: inawaka.
Saa saba na dakika nane: inazima.
Mama haoni saa, lakini anahesabu,
sauti yake ikitoka chini ya mablanketi matatu:
"Imezima tena. Kama mtu mwenye kwikwi."

Julai, Uwemba. Nje sakitu imelala juu ya majani ya viazi
kama unga uliomwagwa na mtu asiyejua bei ya unga.
Kaka yangu Exaveri alituma pampu hii kwa meli,
na mabomba ya kulaza ndani ya sakafu,
na neno moja: Mama asiote moto wa moshi tena.
Mafundi walivunja saruji wiki tatu.
Majirani walikuja kuona nyumba inayopashwa kuanzia nyayo,
wakavua viatu mlangoni, wakasimama, wakacheka.

Kisanduku kiko nje ukutani. Feni yake inavuta baridi,
na ndani ya baridi hiyo hiyo, sijui kwa ujanja gani, inakamua joto.
Hilo nililielewa nusu.
Nusu nyingine nilifundishwa na LUKU:
uniti hamsini za Jumatatu,
Alhamisi zimebaki nane.

Kosa langu lilikuwa la mwenye njaa.
Niliweka maji nyuzi arobaini na tano
nikidhani moto mkali ndio joto jingi.
Pampu ikakurupuka, ikafika, ikakata,
ikakurupuka tena,
mara saba, mara nane kwa saa; nimeandika
kwenye daftari la vikoba, nyuma ya majina ya wadaiwa.

Asubuhi Mama akasema, akimenya viazi:
"Bibi yako alifukia kaa moja kwenye majivu jioni,
alfajiri akalikuta jekundu.
Hakuwa akilifukua kila mara kuliuliza kama lipo."

Nikashusha. Arobaini. Thelathini na sita.
Siku mbili kwa kila hatua, maana saruji ni nzito kusikia,
ukiiambia jambo leo, inakujibu kesho jioni.
Thelathini na tatu: kwikwi ikapungua.
Haikuisha.

Fundi Mligo akaja na pikipiki, midomo imempasuka kwa upepo.
Akapiga magoti mbele ya kabati la mabomba,
akahesabu kwa kidole: sebule, korido,
chumba cha mama, chumba cha binti.
"Hii ya tano nani kaifunga?"

Ya tano ni chumba cha mwisho.
Mama aliifunga mwenyewe mwezi wa tatu,
siku tuliyomaliza matanga,
na ufunguo wa mlango akautumbukiza kwenye kopo la chumvi.
Chumba kisicho na mtu, alisema, tunakipashia nini?

Fundi hakujua. Alikuwa anaongea na bomba, si na sisi:
"Maji yanayozunguka ni machache.
Inayapasha upesi, inakosa pa kuupeleka moto wake, inakata.
Si mbovu hii. Mmeibana."
Akageuza kichwa amwombe ruhusa mwenye nyumba.
Mwenye nyumba alikwisha ondoka.
Tukasikia kopo la chumvi.

Usiku ule iliwaka saa nne kasoro.
Niliisubiri na kalamu mkononi.
Saa nne na nusu inanguruma bado, chinichini,
kama ng'ombe anayecheua.
Saa tano. Nikasinzia juu ya majina ya wadaiwa.

Sasa wiki ya pili. Uniti zinakaa; si sana, lakini zinakaa.
Jiko la nje Mama bado anawasha kuni za miwati,
anasema pampu haijui kuchoma kiazi,
na Exaveri asiambiwe.

Chumba cha mwisho kinanuka koti la mvua
na tumbaku ya zamani iliyopata joto.
Ameanika humo mbegu za njegere juu ya gunia,
kando ya mabuti yaliyosimama yalivyoachwa.
Jana nilimkuta katikati ya sakafu, peku,
soksi zake mkononi.
"Hapa pana joto kuliko kote," alisema.
Kisha, baada ya kitambo:
"Baba yako angelalamika."