Vinasaba

Babu Hemed aliandika nasaba kwa wino mweusi
nyuma ya daftari la mauzo ya tende:
Hemed bin Mudrik bin Suweid bin Shamis,
bin kwa bin, hadi ukurasa ukaisha
na wino ukapanda jalada.
Mwanamke, hata mmoja. Ungedhani wanaume wa Ibra
huchipuka ubavuni mwa baba zao, kama mitende.

Asubuhi hii, Muskati, chumba cha tatu, kiyoyozi kikikoroma,
Daktari Ruqaiya ananichorea nasaba nyingine:
mraba kwa mwanamume, duara kwa mwanamke,
mwenye sukari anapakwa wino.
Tuanze na mama yako.
Zuwena. Duara; analijaza.
Na mama yake?
Nakwama. Nyumbani alikuwa Bibi, basi.
Napiga simu Ibra. Mama anacheka kwanza:
"Shinuna. Shinuna binti Abeid. Wanamtakia nini marehemu?"
Duara. Wino.

Marehemu alikuja kutoka Unguja na sufuria ya shaba,
akawa mkorogaji wa halwa wa mtaa mzima,
zafarani hadi kwenye kucha,
na mwili mwembamba kama ufito.
Palipomwagwa kopo lake la usiku
sisimizi walipanga foleni.
Sisimizi walijua kabla ya maabara.
Watu nao wakajua vyao: ni halwa, analamba mwiko.
Ni jicho. Ni majonzi ya kuhama; majonzi yakichacha huwa sukari.
Mama alipoanza kuamka usiku kucha, akasema: kanilisha mno.
Mimi nilipoanguka darasani, miaka kumi na minne,
wa kulaumiwa alikwisha zikwa.
Nikapewa sindano nne kwa siku
na miaka kumi na miwili ya kuzihesabu.

"Andika *fungua*," anasema daktari, ananipa kalamu yake.
Naandika.
"Futa u ya pili."
Inabaki *funga*.
"Basi. Herufi moja.
Umeipata kwa mama, naye kwa mama yake,
na huko nyuma sijui nani alikuwa wa kwanza kuikosa."

Kwa kuwa ni mtu wa Ibra, ananieleza kwa falaj:
maji yapo, kongosho lako halijakauka,
ila mshika zamu hafungui lango kwa wakati,
shamba linaungua na mfereji umejaa.
Washika zamu ni wawili, wa baba na wa mama.
Wa baba mzima, lakini peke yake hatoshi.
Sindano yalikuwa maji ya lori, ya kununua.
Kidonge hiki, kidogo kuliko punje ya komamanga,
kazi yake ni kulipiga lango teke.

Nauliza kuhusu Thuwaiba, mdogo wangu, mimba ya miezi mitano.
Duara lake jeupe bado.
Chini yake daktari anachora umbo la kashata,
maana hatujui kama ni mraba au duara.
Nusu kwa nusu, anasema. Kila mtoto na sarafu yake.
Nampigia hapohapo.
"Acha nizae kwanza," Thuwaiba anasema. "Niache na tende zangu."
Kalamu inafunikwa.

Siku ya tisa. Kipimo cha alfajiri kinasoma sita.
Sindano zimelala kwenye mlango wa friji, hazina kazi,
lakini mkono wangu huamka kabla yangu
ukapapasa paja.

Jioni Mama anapiga.
"Kwa hiyo siyo halwa?"
"Siyo halwa, Mama."
Kimya. Nasikia birika lake likichemka, haliondoi.
"Ile sufuria yake," anasema, "niliiuza.
Arobaini yake haijafika.
Riali kumi na mbili.
Mnunuzi hata hakuuliza bei mara mbili."