Upenu wa Mita Moja na Nusu

Nilitumwa na kamba ya kupimia, daftari na buti za mvua
nikapime mtaa wa majumba ya picha, Porto, upande wa juu,
ambako milango ni ya kioo na ukimya unauzwa pamoja na fremu.
Jambo la kwanza nililoandika: hapana pa kukaa.
Vizingiti vya madirisha vimepigwa misumari,
ncha juu, mgongo wa nungunungu,
asije mtu akaegesha kiuno mbele ya mchoro wa elfu tisa.
Baraza la jiji, miaka ile,
ndilo lililong'oa baraza zote.

Iria Quintela nilimkuta amechutama
mlangoni mwa duka la kofia lililokufa,
mkaa mkononi, akichora juu ya maboksi ya samaki wa chumvi.
Maboksi bado yananuka. "Harufu," akasema, "siitozi."
Alichora mikono tu:
ya bibi anayemenya viazi, ya kinyozi,
ya dereva wa tramu akihesabu chenji.
Mvua ikaanza, ile nyembamba ya huko, isiyonyesha wala kukoma.
Akakunja maonyesho yake yote kwapani, akakimbilia stesheni.
Yalidumu dakika kumi na saba.
Nilipima hilo pia.

Mkutanoni, Bwana Anselmo Vilarinho alisimama.
Jumba lake lina miaka hamsini, na tai yake karibu hiyo hiyo.
Sanaa ikilala nje, alisema, hupata baridi yabisi.
Leo mnatundika picha, kesho mtaanika chupi.
Watu wakacheka. Nami nikacheka, kisha nikaona aibu,
maana alipokuwa akiketi mkono wake ulipapasa hewa
ukitafuta mgongo wa kiti.

Mimi sikuwa na hotuba. Nilikuwa na mchoro wa penseli:
ondoa magari kumi na mawili,
ng'oa misumari,
rudisha baraza za mawe, goti la mtu mzima liwe kipimo,
na juu yake upenu, mita moja na nusu,
wa kutosha picha na mtu anayeitazama,
wote wawili wabaki wakavu.
Kulabu arobaini ukutani. Bila kodi. Bila fomu.
Fomu waliirudisha. Nikaifuta. Wakairudisha.
Ikabaki nusu ukurasa.

Belmiro mwashi alitoboa itale wiki tano,
vumbi jeupe nyusini, akizeeka mchana na kurudi ujana kila akinawa.

Siku ya kwanza kulabu kumi zilibeba vyungu vya maua,
moja koti lililolowa, moja mwavuli usio na mwenyewe.
Nilitaka kukasirika.
Lakini mtaa hauagizwi kama supu.
Wiki ya tatu mikono ikaja, ikajipanga ukutani,
na tarishi akasimama mbele yake na mfuko wa barua begani
akitazama vidole vyake mwenyewe.

Sitaki kusema uwongo: Iria bado analala mbali,
vituo sita kwa treni,
na kodi ya chumba hapa imepanda tangu tulipoweka taa mpya.
Kamba yangu haifiki huko. Dawa yake siijui.

Jumatatu moja alfajiri nilikwenda kukagua mfereji unaoziba.
Mtaa mtupu. Upepo wa usiku ulikuwa umeipinda mikono ya kinyozi.
Mlango wa kioo ukafunguka kidogo,
akatoka Bwana Anselmo, kandambili na soksi,
akatazama kulia, akatazama kushoto, kama mwizi wa maziwa,
akainyoosha picha kwa kidole kimoja,
akarudi nyuma hatua mbili hadi ukingoni mwa upenu,
akakaa.

Nikainama juu ya mfereji wangu nisionekane.
Majani matatu na tiketi ya treni:
hivyo ndivyo vilivyoziba.