Tani Arobaini

Karatasi inasema: makaa ya mawe, tani arobaini,
yamepokelewa, bweni la shule, Ulaankhad,
tarehe tatu Oktoba. Sahihi tatu. Mhuri wa buluu,
duara lake halikukatika popote.
Sijawahi kushika stakabadhi nzuri kama ile.

Wahenga walionya: mali bila daftari
hupotea bila habari.
Hii ilikuwa na daftari, lenye jalada gumu,
ikapotea vilevile,
kwa mwandiko wa kupendeza.

Nilifika Januari, siku mbili garini katika nyika nyeupe,
nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri,
wino umeganda; kalamu nikaitia kwapani
kama mtu anayejipima homa.
Mkurugenzi Tumurbat alinipokea kwa mikono miwili.
Mezani kondoo mzima, mkia wake wa mafuta
umeelekezwa kwangu, kwenye kiti cha heshima.
"Kula kwanza," alisema. "Tarakimu hazipoi."

Nilikunywa chai. Kwetu Mongolia kuikataa chai ni tusi,
na mimi mamangu alikamua yaki hadi vidole vikapinda.
Lakini ukurasa wa kwanza wa daftari langu nikaandika:
*Chai ya chumvi, bakuli moja. Nyama, hapana.*
Akaniona nikiandika.
Tangu hapo hakucheka tena kwa meno.

Stoo nililipima rundo kwa utepe:
urefu, upana, kimo. Nikazidisha.
Nikarudia, maana jibu lilinitia aibu
kana kwamba ni mimi niliyekula.
Tani tatu, na vumbi.

"Mengine yamechomwa," alisema mkurugenzi.
"Ni baridi, bwana mkaguzi. Huoni?"

Naona.
Moto huzaa jivu, nikamwambia.
Nionyeshe basi watoto wa moto huu.

Kimya.
Aliyejibu ni Luvsandorj, mchochea tanuri,
mzee wa nyusi zilizoungua, ambaye hakuna aliyemwita kikaoni.
Akanishika mkono wa koti kama anayemwongoza kipofu,
tukapita nyuma ya bweni.
Lundo la jivu, limegandishwa na theluji,
halikunifika kiunoni.

Kisha ukutani, kando ya mlango wa tanuri, chaki:
toroli moja, mstari mmoja,
mistari minne na wa tano umelala juu yao,
tangu Oktoba, kila usiku, bila mhuri.
Novemba kumi na tisa hakuna mstari hata mmoja.
"Siku ile tulichoma madawati," alisema.
"Kumi na moja. Nayo niliyahesabu."

Nilipiga picha ukuta, nikapima jivu, nikapima tena.
Saa mbili usiku simu ikalia kutoka mji mkuu,
sauti ninayoijua, sauti iliyokula harusi ya dadangu:
"Nani hasa amekutuma huko?"
Nikamsomea kifungu cha sheria, namba yake na aya yake,
polepole, kama mtu anayesoma kwa ajili ya mtoto,
mpaka akakata.
Sikulala vizuri. Sitasema nilikuwa shujaa.

Bwenini watoto walilala na viatu,
wawili wawili, kofia zimegusana.
Mmoja, Solongo, alikuwa macho.
"Wewe ndiye umeleta makaa?"
Hapana, nikasema. Nimekuja kuyahesabu.
Akanitazama muda mrefu,
kisha akavuta blanketi juu ya mdogo wake, akageukia ukuta.

Ripoti yangu ina kurasa sitini na nne na viambatisho.
Bunge litaisoma Aprili,
barafu ikishayeyuka, kikohozi kikishapona au la.
Hakuna safu ya kuandikia usiku wa leo;
niliitafuta, kalamu bado kwapani.

Alfajiri kabla ya gari kuwaka
nikaongeza mstari mmoja chini ya ile chai:
*Glovu za manyoya, jozi moja, zimetoka.
Sahihi ya mpokeaji: hakuna. Amelala.*