Yatokanayo

Akidi imetimia: kumi na mmoja kati ya kumi na sita.
Wawili wameleta udhuru, watatu wameleta kimya,
na mimi mwisho wa meza, jirani na birika la chai,
mwandishi wa kumbukumbu, nisiyehesabiwa kwenye akidi.

Ajenda ya nne: ujenzi wa maktaba mpya.
Mhandisi Mbwambo anasimama na chati zake za rangi.
Asilimia sitini na nane, anasema.
Mwezi wa pili ilikuwa sitini na saba.
Kalamu yangu inaizunguka hiyo moja:
ni tofali? ni fremu ya mlango?
ni siku tisini za mishahara?
Naandika: Baraza liliarifiwa.
Nakipenda kitenzi hiki. Hakimkamati mtu shati.

Kisha tukateremka kukagua.
Kofia ngumu zilikuwa mpya, zingali na nailoni ndani;
ya Mwenyekiti, Profesa Materu, ilimbana
hadi masikio yakajikunja.
Hakusema, nasi hatukuona.
Masika imegoma kuondoka Moshi mwaka huu.
Udongo mwekundu ulitupanda viatuni,
kila mjumbe akabeba kilo yake bila kusaini.
Ghorofa ya kwanza ipo.
Ya pili ipo kwa nondo tu,
zimenyooka juu kama mikono ya wanafunzi
waliouliza swali muhula uliopita.

Huko chini, patakapokuwa chumba cha nyaraka,
maji.
Ya magotini, maangavu, ya baridi, yanatembea.
"Changamoto ya maji ya ardhini," alisema Mbwambo.
"Tumeshaagiza pampu ya pili."

Mama Anasia Urio, mjumbe wa kuteuliwa,
aliyefunga vitabu vya ushirika wa kahawa miaka ishirini na tisa,
alivua kiatu kimoja, akatia mguu,
akasimama hivyo kama mtu anayesikiliza simu.
"Haya hayakutoka chini. Yametoka juu, Kibosho.
Huu ni mfongo. Mmeufukia wapi?"

Fundi mmoja, mwiko mkononi, aligeuka akacheka na ukuta.

Nami nilijua.
Babu yangu alikuwa na zamu yake, Jumatano,
alfajiri hadi jua la saa nne.
Mfongo ulikuwa na baraza lake,
halikuwa na posho ya kikao.
Pembe ikilia, unakuja na jembe.
Usipokuja, debe la mbege.
Na aliyeufukia hakuitwa mkandarasi;
aliitwa jina nisiloweza kuliweka kwenye kumbukumbu.
Asilimia hawakuwa nazo.
Maji yalifika, au hayakufika.

Tuliporudi juu chai ilikuwa imepoa.
Wakajadili pampu ya tatu, wakajadili kamati ndogo,
wakajadili kama kamati ndogo inahitaji gari.
Ndeshukuru, mwakilishi wa wanafunzi, akauliza
lini wataacha kusomea kwenye ngazi za bwalo.
Swali lake likapelekwa kwenye Mengineyo,
na Mengineyo yakakosa muda.
Mama Urio alikuwa bado anaukausha mguu
kwa ukurasa wa saba wa taarifa,
ule wenye chati.

Usiku huu nasafisha kumbukumbu.
Katibu wa Baraza ameniachia kijikaratasi:
Tumia maneno ya mhandisi.
Naandika maji ya ardhini. Nafuta.
Naandika mfongo.
Kompyuta hailijui neno,
inalipigia mstari mwekundu chini yake,
mstari wa mawimbi,
kana kwamba yenyewe pia imevua kiatu.

Nauacha.
4.3: Mjumbe alieleza kuwa chini ya jengo pana mfongo.
Nimeandika pana. Sikuandika palikuwa.
Wakitaka kuusogeza wakati uliopita,
na waupigie kura, wanyooshe mikono, niihesabu.

Saa tano na robo.
Pampu ya kwanza bado inanguruma huko bondeni,
inayatoa,
yanarudi.