Nyuma ya Jiko

Nywele za Cirhuza zilianza kugeuka mwezi wa kuvuna maharagwe,
zikawa rangi ya ndevu za muhindi.
Mama mkwe akasema: hiyo ni damu ya babu yake.
Nikakubali. Ni rahisi kumsingizia marehemu.

Kule zahanati muuguzi akamzungushia utepe mkononi;
ukasimama kwenye njano, pua na mdomo na nyekundu.
Hakunigombeza. Aliuliza tu:
Jumanne uliuza nini sokoni Mugogo?
Mayai manane, nikasema, na kikapu cha maharagwe.
Ukanunua nini?
Sukari. Mafuta ya taa. Biskuti za huyu mtoto.
Akaandika. Sijui aliandika nini.
Kalamu ile ilinichoma kuliko sindano.

Baba yake yuko Kamituga, ndani ya shimo,
anatafuta dhahabu kwa tochi ya kichwani.
Mimi nikachimba langu nyuma ya jiko,
pale tulipozoea kumwaga maji ya vyombo.
Nikatandika majani ya migomba, majivu,
mavi ya simbilisi,
ndiyo, hao hao wanaolia wii wii chini ya kitanda changu;
kumbe usiku kucha walikuwa wananitengenezea udongo.

Mama mkwe akacheka mpaka kiko kikamtoka mdomoni:
"Lengalenga inapandwa? Hiyo huota yenyewe, kama aibu!"

Ikaota.
Karoti zililiwa na panya, sitaficha.
Kabichi zilikuja na viwavi; nikawatoa kwa vidole,
mmoja mmoja, kabla ya jua, nikiwatupia kuku,
na dawa yangu ya majivu na pilipili
iliniwasha macho mimi kuliko wao.
Lakini ile lengalenga! Uikate leo,
keshokutwa imekusimamia mlangoni kama mdai.

Sasa bugali haulali peke yake kwenye sahani.
Kuna majani, kuna konzi ya sambaza waliotwangwa.
Mama mkwe hula kimya,
akimaliza huisogeza sahani mbele kidogo, upande wangu,
huku akitazama mlima.
Naijaza. Simwambii neno.

Leo ni Jumanne. Kikapuni nimepanga mayai saba.
La nane liko motoni,
linagonga-gonga kuta za sufuria,
na Cirhuza amechuchumaa kulisikiliza.
Nimesimama juu yake na mzigo wangu, nachelewa soko:
utosini, kwenye shina la nywele,
kuna weusi, upana wa uzi.