Salama, Ila

Bahasha ilikuja Jumanne, pamoja na bili ya maji.
Mwinyikondo, herufi zote kumi na moja,
hata moja haikupotea njiani.
Nikajua hii ni serikali.

Ndani mna kichupa kifupi kuliko kidole gumba,
kijiti, na picha za kueleza lisiloelezeka:
kwangua choo chako, si kingi,
kijae tu kwenye mikwaruzo ya kijiti,
funga, andika tarehe, tia posta.

Tia posta!
Mimi ninayepanga vifurushi usiku kucha
kwenye ghala nje ya Coventry
nikauona mkanda ukipita mbele yangu:
viatu, chaja, mwanasesere,
na mimi mwenyewe, ndani ya bahasha.

Nikaificha nyuma ya kopo la sukari.
Saumu akaipata, kwa sababu Saumu hupata.
"Mimi nilipanda lori lile pale maegesho ya supamaketi,
nikavua, wakanibana titi kama chapati,
nje theluji, watu wanapita na matroli yao.
Wewe unaogopa kijiti?"

Sikuogopa kijiti.
Kwetu Pangani hospitali mtu haendi, hupelekwa,
amelala, kanga imemfika kidevuni.
Ndiyo maana ukimuuliza mtu hali
hujibu upesi, kama anayefunga mlango.
Za nyumbani? Salama.
Za watoto? Salama.
Ni baadaye, kahawa ikishapoa:
salama, ila baba tulimzika juzi.

Na hawa wanamwandikia barua mtu mzima wa afya.
Hawaulizi hujambo.
Wanaitaka ile ila,
kabla mwenyewe hajajua kama anayo.

Nesi Noreen, siku ya presha, alisema:
"Ungekuwa unaumwa ningekupeleka kwa daktari leo leo.
Hiki ni cha asiyehisi kitu."
Kinaona yote?
Akavua miwani. "Hapana.
Kuna kinaowatisha bure, na kuna kinachokipita.
Lakini damu ambayo jicho halioni,
mara nyingi kitaiona kabla yako."
Nilipenda kwamba hakuniapia.

Shekue wa zamu yetu, miaka minne, bahasha tatu.
Mbili alizitupa. Ya tatu ilikuta amelazwa.
Sisemi bahasha ingemwokoa.
Nasema kabati lake tulilisafisha mimi na Zbigniew,
tukakuta vidonge vya kiungulia, paketi saba,
na yeye kila usiku, akivaa glavu:
salama, kaka, salama.

Basi Alhamisi alfajiri, nimetoka zamu,
nikajifungia.
Kilichofuata hakina ushairi.
Tarehe niliiandika kwa kalamu ya Saumu,
mkono ukitetemeka kama wa mtahiniwa.
Penye sanduku jekundu la posta, kona ya mtaa,
nikatazama kushoto, nikatazama kulia, kama mwizi,
nikatumbukiza.

Jibu lilikaa siku kumi na moja.
Nikamtafsiria Saumu: hakuna haja ya vipimo zaidi kwa sasa.
Akalicheka hilo neno haja
mpaka akakaa sakafuni, miguu kaitandaza.
Mimi nikarudi kwenye mstari.
Kwa sasa.
Kumbe na wao wana ila yao.

Jioni nikampigia kaka Mbwana.
Ana sitini na moja, na posta ya Pangani
haitamletea bahasha ya namna hii.
Sauti yake siku hizi nyembamba,
au ni simu.
"Hali yako, kaka?"
"Salama."

Sikusema alhamdulillahi.
Nikaacha dakika ziende na salio langu.
Nikasikia redio ya jirani, kijiko kikizunguka kikombeni,
kikizunguka, kikisimama.

"Wewe, mbona kimya? Mtandao?"
"Mtandao mzuri, kaka.
Nasubiri."