Msogeo

Miaka thelathini na saba Velichko, baba yangu,
alishuka kila Jumatatu tumboni mwa bwawa
milimani Rodopi, ngazi mia mbili na kumi na mbili,
mfukoni tochi, chaki, rula ya chuma
na kipande cha mkate kilichofungwa gazetini.

Kila penye ufa alibandika kioo chembamba,
urefu wa kidole, plasta huku na huku.
Ukuta ukisogea, hata unywele, kioo hupasuka.
Hayo ndiyo yalikuwa maongezi yao:
yeye anauliza kwa tochi, kioo kinanyamaza,
na daftarini anaandika, kwa mwandiko wa mraba,
Hakuna msogeo.

Nyumbani pia alikuwa mtu wa namna hiyo.
Mimba ya pili ya mama ilipotoka
alikaza bawaba za makabati yote, jikoni mpaka darini,
kisha akaketi, akauliza kama chai ipo.
Nami nikajifunza kumsoma kama alivyosoma zege,
kwa yale yasiyotokea.

Wakamstaafisha mwezi wa Machi, theluji ingali mlangoni.
Keki, hotuba, saa ya ukutani isiyotunza majira.
Wiki mbili aliamka saa kumi na moja alfajiri,
akavaa viatu, akakaa navyo.
Wiki ya tatu akapanda basi hadi Plovdiv
akarudi na kamera ya filamu, nzito kama tofali,
aliyouziwa na mjane asiyejua bei yake,
au aliyeijua mno. Baba hakuwahi kukata shauri.

Chini ya nyumba, kati ya mitungi ya pilipili za siki
na viazi vilivyoanza kuchipua,
akajijengea chumba cha giza, taa moja nyekundu.
Mama akalalamika: achari yangu itanuka dawa.
Ikanuka. Tukaila.

Picha za kwanza, Mungu amsamehe,
zilikuwa taarifa za ukaguzi.
Kondoo, na rula kando ya kondoo.
Majani ya tumbaku yaliyotungwa uzi kibarazani kwa Emine,
na rula. Mnara wa kanisa, mbali kabisa,
na mbele yake rula, mkono wake mwenyewe umeishika.
"Ya nini?" nikamuuliza.
"Sasa mtu atajuaje ukubwa?"
Alishangaa kweli.

Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Yeye alijenga ukuta, akaziba ufa,
akauziba tena, akastaafu, na ufa ungalipo
umerithiwa na kijana mwenye kompyuta.
Januari ile nilimkuta kando ya ziwa, maji yameganda,
barafu imechanikachanika kutoka ukingo hadi ukingo.
Amesimama hapo, chaki hana, kofia imemteleza.
Akaitoa rula. Akairudisha mfukoni.
Akaitoa tena, akaitazama
kama unavyomtazama mgeni ambaye umesahau jina lake.

Picha ninayoitunza imeharibika, kwa kanuni zake zote.
Mama, miaka sabini na moja, anavua maganda
pilipili zilizochomwa, masizi mpaka kiwikoni.
Amecheka jambo lililo nje ya picha,
kichwa kimekimbia, kikaacha ukungu
pale palipokuwa na shavu.
Lakini pia mkono wa baba ulikuwa umeanza kutetemeka
mwaka huo, kidogo, asubuhi tu,
na daktari hakuwa bado ametupa jina la kuuita.
Kwa hiyo nani alisogea, sijui.

Rula haimo. Nimeitafuta hata pembeni.
Nyuma ya karatasi, mwandiko ule wa mraba,
sasa umelegea kwenye kona:
tarehe. Saa nne na robo. Jua kali, upepo hakuna.
Kuna msogeo.
Na chini yake, mahali pa mapendekezo,
neno moja, limepigiwa mstari:
Pasizibwe.